Uhamisho wa askari polisi nchini Tanzania

Uhamisho wa askari polisi nchini Tanzania ni utaratibu wa kumtoa askari katika kituo kimoja cha kazi na kumpeleka kingine, ndani ya wilaya, kati ya wilaya, kutoka mkoa mmoja hadi mwingine, au kati ya Tanzania Bara na Zanzibar. Kwa kuwa nchi nzima ina Jeshi la Polisi moja, askari anayehama habadilishi mwajiri. Anabaki na cheo chake, namba yake ya jeshi na miaka yake ya utumishi. Katika nchi za shirikisho, kama Marekani, askari anayetaka kufanya kazi katika jimbo lingine huacha kazi na kuomba ajira upya. Wa Tanzania hana haja hiyo, lakini pia hana uhuru wa kukataa anapoambiwa ahame.

Makala hii inaeleza msingi wa utaratibu huo, unavyotekelezwa, na athari zake kwa askari, familia yake na wananchi wa eneo analoliacha. Mifano mingi imetolewa katika Mkoa wa Manyara, hasa wilaya za Mbulu na Hanang, ambako ndiko ziliko kata mbili zenye jina moja la Gehandu, moja katika kila wilaya.

Historia

Desturi ya kumpeleka askari mbali na kwao ni ya zamani kuliko jeshi lenyewe. Mwaka 1889 Hermann von Wissmann alipounda kikosi cha Wajerumani cha kupambana na upinzani wa pwani, askari wake wengi walikuwa Wasudani walioandikishwa Misri, pamoja na watu waliotoka Msumbiji. Hawakuwa na ndugu katika nchi waliyotumwa kuitiisha, na jambo hilo lilimfaa aliyewaajiri. Neno "askari" lenyewe, lililotoka katika Kiarabu, lilishika mizizi katika lugha za Ulaya kupitia vikosi vya namna hiyo.

Jeshi la Polisi la Tanganyika lilianzishwa na Waingereza tarehe 25 Agosti 1919, makao yake makuu yakiwa Lushoto. Mwaka 1930 makao hayo yalihamia Dar es Salaam. Kwa muda mrefu polisi walikuwa wachache na walikaa zaidi mijini, kwenye njia ya reli na kwenye mashamba makubwa. Vijijini kazi ya kukamata, kuita watu barazani na kulinda mahabusu ilifanywa na matarishi wa watemi na machifu, ambao walikuwa wenyeji wa hapohapo. Kwa hiyo palikuwa na aina mbili za walinzi: mgeni mwenye sare za serikali kuu, na mwenyeji aliyewajua watu kwa majina na koo zao. Mamlaka za machifu zilipofutwa mwaka 1963, aina ya kwanza ndiyo iliyobaki na nguvu za kisheria nchi nzima.

Baada ya uhuru Elangwa Shaidi alikuwa Mtanzania wa kwanza kuliongoza jeshi hilo. Tangu hapo kila mkoa mpya umemaanisha wimbi la uhamisho, kwa sababu mkoa mpya huhitaji Kamanda wa Polisi wa Mkoa, mkuu wa upelelezi, ofisi ya trafiki, karani wa fedha na madereva. Manyara ulipokatwa kutoka Mkoa wa Arusha mwaka 2002, makao yake yaliwekwa Babati. Askari waliokuwa Hanang, Mbulu, Kiteto na Simanjiro walijikuta chini ya kamanda mwingine bila kusogea hatua moja. Ndivyo ilivyokuwa tena mwaka 2012 ilipoundwa mikoa ya Geita, Katavi, Njombe na Simiyu, na mwaka 2016 ulipoundwa Songwe.

Mipaka ya kipolisi hailingani daima na ya kiutawala. Dar es Salaam ni Kanda Maalumu yenye mikoa ya kipolisi ya Ilala, Kinondoni na Temeke. Tarime na Rorya, ingawa ni wilaya za Mkoa wa Mara, zina mkoa wao wa kipolisi, sababu kubwa ikiwa mapigano ya koo na wizi wa mifugo. Mkoa wa kipolisi wa Rufiji uliundwa baada ya mauaji yaliyotikisa wilaya za Kibiti, Rufiji na Mkuranga, yakiwemo ya askari polisi wanane walioshambuliwa na kuuawa kwa siku moja huko Kibiti, tarehe 13 Aprili 2017. Askari anayeambiwa anahamia "mkoa" mwingine huenda kwa hiyo akawa hajatoka nje ya mkoa aliouzoea kwenye ramani.

Msingi wa kisheria

Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 imeitaja polisi katika orodha ya mambo ya Muungano. Hii ndiyo sababu Inspekta Jenerali wa Polisi (IGP), anayeteuliwa na Rais, ana amri juu ya askari wa Bara na wa Zanzibar pia. Sheria inayohusu kazi za kila siku ni Sheria ya Jeshi la Polisi na Polisi Wasaidizi, Sura ya 322. Sheria hiyo inaliweka jeshi kutumika katika Jamhuri yote, na inamhesabu askari kuwa yuko kazini wakati wote anapohitajika, mahali popote nchini atakapokuwa akitumikia. Maelezo ya kina zaidi yamo katika kanuni za kudumu za jeshi, zinazojulikana kwa kifupi chake PGO.

Askari huyakubali masharti haya kabla hata ya kuvaa sare. Matangazo ya ajira za polisi yamekuwa yakitaka mwombaji awe tayari kufanya kazi mahali popote Tanzania, na mara nyingi yametaka pia awe hajaoa au kuolewa wala hana mtoto. Sharti la pili huonekana geni kwa wasomaji wengi, lakini linaeleweka likisomwa pamoja na la kwanza: kijana asiye na familia ni rahisi kumtuma popote. Ugumu hujitokeza miaka kumi baadaye, sharti la kwanza likiwa bado linadai na la pili limekwisha kupitwa na wakati.

Kutoripoti kituo kipya bila sababu inayokubalika ni kosa la kinidhamu, na kukiendelea huhesabiwa kuwa utoro kazini. Askari anaweza kuomba kwa mkuu wake uhamisho usitishwe au uahirishwe, kwa mfano kwa sababu ya ugonjwa, lakini uamuzi si wake.

Aina za uhamisho

Uhamisho wa kawaida hutokana na mahitaji ya kazi: kituo kina upungufu, askari amepanda cheo na nafasi ya cheo hicho iko kwingine, au amekaa mahali pamoja muda mrefu. Sababu hii ya mwisho ndiyo yenye mjadala mkubwa. Viongozi wa jeshi huamini kwamba askari aliyekaa sana huzoeana na watu anaopaswa kuwasimamia. Wa trafiki huwajua wenye mabasi, mpelelezi hujua duka la nani lina mali ya wizi, na mazoea hayo hugeuka kuwa biashara. Kwa upande mwingine, kumjua mwenye duka ndiyo mwanzo wa upelelezi wenyewe.

Uhamisho wa kuomba hufanywa na askari mwenyewe kwa barua inayopitia ngazi zote, kuanzia mkuu wa kituo (OCS), mkuu wa polisi wa wilaya (OCD), kamanda wa mkoa (RPC) hadi makao makuu. Sababu zinazotajwa zaidi ni kumfuata mwenzi, ugonjwa unaohitaji hospitali kubwa, na kuwatunza wazazi wazee. Hata hapo, desturi ya kutopangwa kijijini kwenu humnyima mwombaji kile hasa anachokitaka. Askari mwenye mama mgonjwa Endasak anaweza kusogezwa hadi Singida au Babati, akabaki na safari ya basi kila mwisho wa mwezi.

Ipo pia hali ambayo sheria haiitambui kuwa adhabu lakini askari na raia huiita hivyo. Mtu akigombana na wakubwa, au kituo kikiandamwa na malalamiko, jina lake huonekana kwenye orodha ya wanaokwenda mbali. Jambo hili lina ubaya wa pande mbili. Kama askari ametenda kosa, wananchi wa kituo kipya wanapelekewa tatizo la wengine badala ya shauri kusikilizwa. Kama hajatenda, ameadhibiwa bila kusikilizwa. Na wilaya inayotumiwa kama jalala la adhabu hujengewa jina baya ambalo wakazi wake hawakulitafuta.

Kutumwa kwa operesheni si uhamisho. Askari anayepelekwa kulinda uchaguzi, kusaidia uokoaji au kujiunga na kikosi cha kulinda amani nje ya nchi, kama Watanzania waliotumika Darfur, hubaki wa kituo chake na hurejea kazi ikiisha. Maporomoko ya tope ya tarehe 3 Desemba 2023, yaliyoua makumi ya watu katika mji wa Katesh na vijiji vilivyo chini ya Mlima Hanang, yalileta askari wengi wilayani kwa namna hiyo.

Utekelezaji

Mamlaka ya kuhamisha hufuata umbali. Mkuu wa polisi wa wilaya hupanga askari katika vituo vya wilaya yake, kamanda wa mkoa huwahamisha kati ya wilaya, na makao makuu, ambayo siku hizi yako Dodoma, huwahamisha kati ya mikoa. Mabadiliko ya makamanda wa mikoa hutangazwa kwa vyombo vya habari. Ya konstebo na koplo hufika kituoni kwa ujumbe wa redio au barua yenye orodha ya namba na majina, na mara nyingi mhusika husikia kwanza kwa mwenzake wa zamu.

Namba ndiyo utambulisho wake wa kudumu. Kila askari wa vyeo vya chini ana namba yenye herufi mbele, WP ikiwa ya askari wa kike, na namba hiyo humfuata katika hati za mahakama popote alipo. Vyeo navyo havibadiliki kwa kuvuka mkoa: koplo wa Mbulu ni koplo Lindi. Hata mkopo wake katika URA SACCOS, chama cha akiba cha askari polisi, huendelea kukatwa kwenye mshahara uleule.

Kabla ya kuondoka askari hukabidhi. Hurudisha silaha na vifaa vya kituo, na mpelelezi hukabidhi majalada anayoyashughulikia pamoja na vielelezo vilivyo chini yake, kila kimoja kikiandikwa. Makabidhiano yakifanywa kwa haraka madhara huonekana mahakamani. Panga lenye damu, simu iliyoibiwa au kifuko cha bangi lazima kiwe na maelezo yanayofuatana ya nani alikishika, lini, na alimpa nani. Pakikosekana sahihi moja, wakili wa utetezi ana mahali pa kuanzia.

Gharama na makazi

Uhamisho ulioamriwa na mwajiri hugharamiwa na serikali: nauli ya askari na wategemezi wake, usafirishaji wa mizigo, na posho ya kujikimu ya siku za mwanzo. Aliyeomba mwenyewe kwa kawaida hujigharamia. Kanuni ni nyepesi kueleza, fedha ni nzito kupatikana. Madai ya askari ambayo hayajalipwa, yakiwemo ya uhamisho, yamekuwa yakiulizwa bungeni mara kwa mara wakati wa bajeti ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Mara nyingi askari hukodi lori dogo kwa fedha ya kukopa, huhifadhi risiti, na kusubiri.

Nyumba ni swali la pili. Kota za polisi hazitoshi nchini, na wengi hupanga uraiani. Katika mji mdogo kama Katesh au Dongobesh mgeni hupata chumba bila shida kubwa, lakini katika kata ya mashambani huenda nyumba yenye sakafu ya saruji ikawa ya mwalimu, ya muuguzi na ya mtendaji wa kata tu. Anayetoka pwani hugundua pia kwamba nyanda za juu za Mbulu zina baridi ambayo hakuifungashia nguo.

Familia

Mwenzi wa askari akiwa mwalimu au muuguzi, uhamisho wake ni shauri jingine kabisa, linaloamuliwa na halmashauri na ofisi inayosimamia serikali za mitaa. Hakuna kanuni inayolazimisha barua mbili kutoka siku moja. Miezi, wakati mwingine miaka, hupita mmoja akiwa Manyara na mwingine Mtwara, na nyumba mbili zinalishwa kwa mishahara iliyopangiwa nyumba moja. Walimu wana njia ya kutafuta mtu wa kubadilishana naye vituo. Konstebo hawezi kwenda sokoni namna hiyo.

Mwenzi mwenye biashara au shamba hupoteza zaidi, kwa kuwa hana mwajiri wa kumwandikia. Karibu na Katesh familia nyingi za watumishi hukodi mashamba ya mahindi, maharage, mbaazi au ngano, na upande wa Mbulu vitunguu saumu ni zao la fedha linalojulikana. Barua ikifika mbegu zikiwa ardhini, uchaguzi ni kuliuza shamba bichi kwa bei ya mnunuzi au kumwachia jirani. Watoto nao huhamishwa shule katikati ya mwaka. Anayeathirika zaidi ni wa darasa la saba na wa kidato cha nne, kwa sababu aliyekwisha kusajiliwa kwa mtihani wa taifa hulazimika kuufanyia alikosajiliwa. Wazazi wengi huamua mtoto abaki kwa ndugu au bweni hadi amalize.

Eneo linaloachwa: mfano wa Mbulu na Hanang

Uhamisho hujadiliwa zaidi kama jambo la askari, ingawa wananchi nao wana hisa. Ngazi ya chini kabisa ya jeshi ni kata, ambako mkaguzi au askari wa kata hufanya kazi kwa mfumo wa polisi jamii, na penye kituo kidogo huwa ni cha daraja C. Kata kama Gehandu ni ya wakulima na wafugaji. Katika wilaya hizi mbili Wairaqw, ambao lugha yao ni ya Kikushi, wanapakana na Wadatoga, hasa Wabarabaig, ambao lugha yao ni ya Kiniloti. Magharibi zaidi, bonde la Yaeda ni makazi ya Wahadza, na lugha yao haina udugu na yoyote kati ya hizo mbili. Askari aliyezaliwa Newala au Bukoba haelewi neno hata moja katika lugha hizo siku ya kwanza.

Kiswahili kinatosha kuandika maelezo ya shahidi. Hakitoshi kila mara kusikia kilichosemwa. Mzee anayelalamikia ng'ombe walioingia shambani anaweza kuwa anazungumzia mpaka uliobishaniwa tangu enzi za baba yake, na mkalimani aliyepo kituoni ni mpwa wa mdaiwa. Askari aliyekaa miaka minne anajua hilo na humwita mkalimani mwingine. Aliyefika juzi huandika anachoambiwa.

Ardhi ya Hanang ina kumbukumbu ndefu. Mashamba makubwa ya ngano ya shirika la umma la NAFCO, yaliyoanzishwa kwa msaada wa Kanada, yalichukua malisho ya Wabarabaig katika nyanda za Basotu, na kesi ya Halmashauri ya Kijiji cha Mulbadaw dhidi ya NAFCO ilifika hadi Mahakama ya Rufani, ambako mwaka 1985 wanakijiji walishindwa. Wanafunzi wa sheria huisoma kesi hiyo vyuoni. Askari mgeni anayeitwa kutuliza ugomvi wa malisho katika eneo hilo anaingia katikati ya simulizi ambayo kila mtu mbele yake anaijua isipokuwa yeye.

Kwa sababu hizohizo ugeni una faida yake. Askari asiye na ukoo hapo hana shangazi wa kumwombea mtuhumiwa. Katika wizi wa mifugo, ambao mara nyingi hupita katikati ya makabila mawili, mpelelezi wa kabila moja angetiliwa shaka na upande wa pili hata akifanya kazi yake kwa haki. Ndiyo hoja nzito kuliko zote ya desturi ya kutompanga mtu kwao, na katika wilaya zenye jamii nyingi kama hizi ni vigumu kuipinga. Swali lililobaki ni muda: kituo kinachobadilisha askari kila mara hubaki na wageni wasiofungamana na upande wowote lakini wasiojua lolote.

Pengo hilo huzibwa na wasiohamishwa: mwenyekiti wa kitongoji, mtendaji wa kijiji, wazee, mgambo na sungusungu. Vikundi vya sungusungu, vilivyoanzia Usukumani mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa sababu ya wizi wa ng'ombe, vilienea kwa kuwa watu walihitaji ulinzi unaojua nyayo za ng'ombe wao. Askari mpya mwenye busara huanza kwa kuwatembelea hao kabla ya kufungua jalada.

Mtoa taarifa ni hasara isiyokabidhiwa kwa hati. Mwanamke aliyemwamini askari fulani wa dawati la jinsia na kumweleza juu ya mtoto anayepigwa au kukeketwa hakuliamini jeshi, alimwamini mtu. Jalada hubaki kabatini na namba ya simu ya kituo ni ileile, ila huenda yeye asipige tena.

Kesi nazo hucheleweshwa. Mpelelezi aliyehamia Kagera bado ni shahidi wa kesi ya Mbulu, na mahakama humpelekea samansi kupitia mkuu wake mpya. Nauli ikikosekana, au zamu zikibana, kesi huahirishwa, na mwenye ng'ombe aliyeibiwa hutembea tena hadi mjini kusikia tarehe nyingine. Mashahidi wa mashtaka wasipofika mara nyingi, shauri linaweza kuondolewa mahakamani bila mtu kusikilizwa.

Bara na Zanzibar

Uhamisho kati ya Bara na Zanzibar unafanana kisheria na wowote mwingine, lakini kisiasa una uzito wa pekee. Asili ya askari ilikuwa suala kubwa Unguja kabla ya Muungano. Chini ya utawala wa Waingereza polisi wengi wa Zanzibar walikuwa watu wa Bara, na serikali iliyoingia madarakani baada ya uhuru wa Desemba 1963 ilianza kuwaachisha kazi. Baadhi yao, wakiwa na ujuzi wa silaha na bila ajira, walijiunga na Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, ambayo shabaha yake ya kwanza ilikuwa ghala la silaha la polisi huko Ziwani.

Baada ya Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964 polisi wakawa wamoja. Zanzibar ina Kamishna wake wa Polisi aliye chini ya IGP, na mikoa mitano ya kipolisi, mitatu Unguja na miwili Pemba. Wakati wa uchaguzi askari wa ziada hupelekwa kutoka Bara, na jambo hilo limelalamikiwa na vyama vya upinzani visiwani tangu kurejeshwa kwa vyama vingi. Malalamiko hayo yalifika kilele baada ya tarehe 26 na 27 Januari 2001, vikosi vya usalama vilipowafyatulia risasi waandamanaji, hasa Pemba. Makumi ya watu waliuawa, na wengine wapatao elfu mbili walikimbilia Shimoni nchini Kenya. Muafaka kati ya CCM na CUF ulitiwa sahihi Oktoba mwaka huohuo.

Askari wa Muungano hawezi kuhamishiwa katika vikosi vya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, kama KMKM, JKU na Chuo cha Mafunzo. Vikosi hivyo si vya Muungano na vina ajira yake. Msomaji asiyejua tofauti hii huviona vyote kuwa "polisi wa Zanzibar", ilhali polisi ni hao wa IGP peke yao.

Ulinganisho na nchi nyingine

Kenya nayo ina huduma moja ya polisi kwa nchi nzima, lakini Katiba yake ya mwaka 2010, katika ibara ya 246, iliikabidhi Tume ya Taifa ya Huduma ya Polisi uamuzi kuhusu kupandishwa vyeo na uhamisho, ili usiwe mikononi mwa mkuu wa polisi peke yake. Ibara inayotangulia inamzuia mtu yeyote kumwelekeza Inspekta Jenerali kuhusu upangaji wa askari. Tanzania ina tume inayoshughulikia ajira na nidhamu za polisi, magereza na uhamiaji, ila uhamisho wa kila siku umebaki kuwa amri ya kijeshi. Uganda pia ina jeshi moja la polisi chini ya Inspekta Jenerali.

Ethiopia iko tofauti. Katiba yake ya mwaka 1995 inayapa majimbo mamlaka ya kuunda polisi wao, hivyo askari wa Oromia hawezi kuhamishwa kwenda Amhara kwa barua kutoka Addis Ababa.

Mfano ulio mbali zaidi na wa Tanzania ni Marekani, yenye vyombo vya polisi takriban 18,000 vya miji, kaunti, majimbo na serikali kuu. Askari wa Ohio anayetaka kuhamia Minnesota, ambako wanaishi Waafrika Mashariki wengi, hawezi kuomba uhamisho kwa maana inayojulikana Tanzania. Hutafuta idara yenye nafasi, huomba kazi kama mtu mwingine, na hupitia uchunguzi wa historia yake. Leseni ya jimbo moja haitumiki moja kwa moja katika lingine. Bodi ya Minnesota ina mtihani maalumu kwa askari wenye uzoefu kutoka majimbo mengine, unaowaepusha kurudia mafunzo yote, na majimbo mengine yana taratibu za namna hiyo yenye masharti tofauti. Cheo alichokiacha mara nyingi hakimfuati: sajenti huweza kuanza upya kama askari wa doria, na haki zake za pensheni hutegemea mfuko wa jimbo alikotoka. Hakuna anayemlipia lori la mizigo. Hakuna pia anayeweza kumwamuru ahame jimbo.